Paka wa Kisukari Akimgeukia Anayemwangalia: Uliza Sukari Kabla ya Tabia

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, watumishi wa Mtumba na wakazi wa Kisasa, Ilazo na Iyumbu wanakwenda Dar es Salaam na kurudi kwa wepesi ambao basi halikuwahi kuwapa. Anayebaki nyumbani ni paka. Anaachiwa dada wa kazi, mtoto wa jirani, au mwanafunzi wa UDOM anayelipwa kidogo aje asubuhi na jioni, aweke chakula, abadilishe mchanga na, kwa nyumba chache, achome na sindano. Hapo ndipo maneno yanapoanzia. Paka aliyekuwa akimlalia mwangalizi mapajani wiki nzima, ghafla anamkoromea, anajibanza nyuma ya mtungi wa gesi, anamparura mkono. Mwenye paka akirudi anamkuta mpole vilevile. Basi kila mtu na lake. Huyu anasema binti ana mkosi. Yule anasema paka kaona kitu ambacho sisi hatukioni. Wa tatu anasema, ampigaye simjui, lakini paka hasingizii.

Wa tatu ana haki ya kuuliza. Ila kama paka huyo ana kisukari, wote watatu wamelipita swali lililopaswa kutangulia: amechomwa sindano saa ngapi, na kabla ya hapo alikula nini?

Kisukari cha paka

Wapo wanaocheka wakisikia paka ana kisukari. Ugonjwa wa vigogo, wanasema, paka kaupata wapi? Kaupata palepale tunapoupata sisi. Chakula kikishasagwa tumboni hutoa sukari iitwayo glukosi, ambayo huingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima. Ili itoke kwenye damu na kuingia kwenye misuli na viungo vingine, inahitaji insulini, kemikali inayotengenezwa na kongosho. Insulini ikipungua, au ikiwapo lakini mwili umeacha kuitikia, sukari hubaki kwenye damu bila kazi. Ni sawa na kununua umeme wa LUKU, tokeni ikaingia kwenye simu, na asitokee mtu wa kuiingiza kwenye mita. Pesa imetoka, yuniti umepata, nyumba iko giza. Nunua tena, na tena: tokeni zinajazana kwenye simu na giza liko palepale. Ndiyo maana paka huyu anakula kwa pupa na bado anakonda mpaka uti wa mgongo unahesabika kwa kidole.

Paka mzima huwa na sukari ya takriban 4 hadi 7, kwa kipimo kilekile cha milimoli kwa lita kinachotumika hospitalini kwetu. Figo zake huizuia isitoke kwenye mkojo mpaka ifike kama 14 hadi 16; za binadamu huanza kuiachia ikikaribia 10. Ikivuka hapo inatoka, tena inatoka na maji. Paka anakojoa sana, mchanga unalowa chapachapa, na bakuli la maji linakauka kabla ya mchana. Kwa mitaa yenye mgao wa maji hili si jambo dogo. Mwangalizi ambaye hakuambiwa ataona bakuli tupu, atadhani limepigwa teke, na kwa kuwa bombani hakuna kitu ataliacha hivyohivyo mpaka jioni. Kwa paka wa kisukari, joto la Oktoba la Dodoma na bakuli tupu ni mwanzo wa maradhi mengine.

Wanaopata zaidi ni paka wa makamo na wazee, wanene, madume waliohasiwa, na wale waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Hawapati kwa kulamba chai. Paka hata hajui utamu ni nini: chembe ya urithi inayohusika na kuonja sukari imekufa katika ukoo mzima wa paka, simba akiwemo. Akikuvamia kikombe anafuata maziwa. Kinachomnenepesha ni kula kupita kiasi bila kutoka nje, na mara nyingi ugali na wali uliolowekwa mchuzi, ilhali mwili wake umeumbwa kuishi kwa nyama na samaki. Na hamwambukizi mtu. Hilo nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba bora liandikwe.

Tiba ya kawaida ni insulini ya sindano, mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, pamoja na kurekebisha chakula. Kipimo chake ni kidogo mno. Paka wengi huanza na yuniti 1, wengine nusu yuniti, wakati mtu mzima anaweza kutumia makumi. Ukikosea yuniti 1 kwa binadamu huenda asihisi kitu. Kwa paka umeongeza dozi maradufu.

Sukari ikishuka, tabia ndiyo inayoonekana kwanza

Wengi tumezoea kuogopa sukari kupanda. Kwa paka anayechomwa insulini, inayoua kwa haraka ni inayoshuka. Ubongo hautunzi akiba ya maana ya sukari, unategemea inayopita kwenye damu saa ile. Ikishuka chini ya kama 3.5, mwili unapiga kengele: unamwaga adrenalini, mboni za macho zinatanuka, moyo unakimbia, paka anakuwa tayari kupigana au kutoroka. Wakati huohuo ubongo wenyewe umeanza kupungukiwa, hatambui vizuri, anatazama ukuta, anayumba. Kwa aliyesimama mlangoni, hayo yote yana sura moja tu, nayo ni hasira.

Tuchukue mfano. Saa 12 asubuhi binti kafika, kaweka chakula, kamchoma paka, kafunga geti akakimbilia kipindi chuoni. Hakungoja kuona kwamba paka alilamba mchuzi tu na kuacha vipande. Anarudi saa 8 mchana kuchukua chaja aliyoisahau. Chakula kiko pale, kimekauka na kuota ukoko, sisimizi wamepanga mstari. Paka yuko nyuma ya mtungi wa gesi, tumbo chini, macho meusi tii, hakuna rangi inayobaki zaidi ya mstari mwembamba pembeni. Anamwita kwa jina, anapigiwa kelele ya koo. Ananyoosha mkono, anapata kucha tatu. Akimwangalia vizuri ataona sikio moja linachezacheza lenyewe, na paka akijaribu kurudi nyuma miguu inaachana. Lakini nani huangalia vizuri akiwa na damu mkononi? Anaondoka zake, anamtumia mama mwenye nyumba ujumbe: paka wako leo kaamka vibaya.

Saa 12 jioni anatakiwa kumchoma tena.

Tangu sindano ya asubuhi zimepita saa 8, na kwa insulini nyingi zinazotumika kwa paka, muda ambao sukari hufika chini kabisa huangukia kati ya saa 4 na saa 8 hivi baada ya kuchoma. Nyingine huchelewa zaidi. Kwa hiyo saa ya ukutani inasema mengi kuliko mkia wa paka. Paka aliyekuwa mzima asubuhi, akabadilika katikati ya mchana au katikati ya usiku, chukulia kwamba sukari imeshuka mpaka kipimo kikuthibitishie vingine. Wengine hawajifichi. Hulia kwa sauti ngeni na kudai chakula kwa fujo, na kwa kuwa paka kudai chakula si habari, hupuuzwa. Baadaye huja kutetemeka, degedege, kuzimia na kufa.

Kwa nini itokee zamu ya mwangalizi?

Hapa ndipo watu hukimbilia nyota na mikosi, kwa sababu kweli inashangaza: mwezi mzima mwenyewe akiwapo hakuna tatizo, siku ya pili ya mgeni balaa. Maelezo yapo, na mara nyingi binti hana kosa hata moja.

La kwanza ni woga. Paka hujua nyumba yake kwa harufu, na harufu ya bosi ikififia huku mtu mwingine akipita na ufunguo, wengi hula nusu au hawali kabisa. Insulini haijui kwamba bakuli limebaki limejaa. Inafanya kazi ileile, sukari inashuka, na sukari iliyoshuka inamzidishia paka woga, kwa hiyo anajificha na kuacha hata kile kidogo. Mwangalizi kwa heshima zake anasema, tumwache atulie. Anamwacha na ugonjwa.

La pili huwa siri ya mwenye nyumba, na hajui kama ni siri. Kwenye karatasi kaandika: asubuhi chakula, sindano, jioni chakula, sindano. Hakuandika kipande cha samaki wa Mtera anachomdondoshea akipika, wala dagaa wawili watatu wa saa 10, wala maziwa anayomwachia kwenye sufuria. Daktari alipopanga dozi, alipanga kwa paka anayekula hivyo vyote. Mwangalizi anafuata karatasi kwa uaminifu kabisa, na uaminifu wake unamgharimu paka.

La tatu ni bomba la sindano. Insulini ya binadamu inayouzwa kwenye maduka ya dawa ni ya yuniti 100 kwa kila mililita, na mabomba yake yamechorwa hivyo. Insulini zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama mara nyingi ni za yuniti 40, na zina mabomba yake. Ndugu akikuletea chupa ya wanyama kutoka nje, halafu siku moja mabomba ya nyumbani yakaisha na binti akanunua mengine duka la jirani, mistari inadanganya. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 hadi mstari wa 1, umechukua yuniti 2 na nusu. Ukivuta ya 40 kwa bomba la 100, umechukua chini ya nusu ya unachotaka. Kwa macho, mabomba yote mawili ni madogo, meupe, yana sindano fupi. Soma kilichoandikwa ubavuni.

Pia kuna dozi mbili kwa mpigo: mwangalizi kachoma, dada wa kazi hakuambiwa, naye kachoma. Au sindano imetokeza upande wa pili wa manyoya, dawa imelowesha ngozi, na mchomaji kwa wasiwasi akarudia. Usirudie kamwe kama huna hakika. Paka kukosa sindano moja ataamka kesho na sukari ya juu, basi. Akipata mbili huenda asiamke.

La mwisho, na naliona ndilo gumu kuelezeka kwa simu: woga wenyewe hupandisha sukari. Paka aliyekamatwa kwa nguvu, akatobolewa sikio na mtu asiyemzoea, anaweza kusoma 15 au zaidi kwa hofu tu. Hata paka asiye na kisukari hupanda hivyo, ndiyo maana daktari makini hatangazi ugonjwa kwa kipimo kimoja. Huangalia mkojo, au hupima fruktosamini, inayoonyesha hali ya wiki moja au mbili zilizopita. Sasa binti anapima, anaona 17, anapiga simu Dar. Bosi yuko kwenye semina, ananong'ona: mwongezee nusu. Kesho yake paka amemzoea binti, hofu imeisha, ile sukari ya hofu haipo, na dozi iliyoongezwa ipo. Dozi isipandishwe kwa simu, kwa kipimo cha siku moja. Ni daktari pekee wa kuipandisha, naye atataka kuona mwenendo wa siku kadhaa.

Asali kwa mgonjwa wa sukari?

Ndiyo, na hapa mila yetu ya kumkataza mgonjwa wa sukari kila kitamu inaweza kuua. Paka wa kisukari anayeyumba, kutetemeka au kulegea baada ya insulini anahitaji sukari sasa hivi, kabla hujampigia mtu yeyote. Kama anameza, mpe chakula chake, na ukitaka kichanganye na asali kidogo. Kama hataki kula, mpake asali au maji mazito ya glukosi kwenye fizi, kwa ncha ya kidole, kidogokidogo. Akiwa kwenye degedege usimtie kidole kati ya meno na usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Pakaza upande wa ndani wa shavu kama unaweza bila kung'atwa, mfunge kwenye taulo, nenda kwa daktari. Akizinduka bado aende, maana insulini iliyomwangusha haijaisha mwilini, na asali inaisha upesi. Sindano ya jioni isichomwe mpaka daktari aseme.

Glukometa ya binadamu, ile mashine ndogo ya kupimia sukari, inafaa kwa dharura, kwa tone la damu la ukingo wa sikio, ingawa kwa paka mara nyingi husoma chini kidogo ya ukweli. Usibishane nayo. Ikisema 3 na paka anayumba, mpake asali.

Kuhusu daktari, watu wa Kanda ya Kati hukata tamaa mapema: madaktari wetu ni wa ng'ombe, wanasema. Ni kweli kwamba huku mifugo ndiyo mifugo. Mpwapwa kulikuwa na maabara ya mifugo tangu mwaka 1905, enzi za Wajerumani, na haikujengwa kwa ajili ya paka. Lakini daktari wa mifugo aliyesomea taaluma yake anajua insulini ni nini, hata kama wiki hiyo alikuwa anachanja mbuzi Chamwino. Kinachompa shida ni kuletewa paka anayekata roho bila maelezo. Mpelekee ukiwa umeandika saa ya sindano, idadi ya yuniti, jina la dawa na alichokula. Kesi ikimzidi, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) iko Morogoro, njia ileile ya treni.

Si kila kubadilika ni sukari kushuka

Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu neva za miguu ya nyuma. Paka anaanza kutembea ameweka kisigino chini, anashindwa kuruka dirishani, na miguu hiyo inauma ikiguswa. Mwenye nyumba kajifunza bila kujijua kumbeba kwa kifua. Mgeni anamnyanyua kwa kiuno, anang'atwa. Hapo hakuna chuki.

Mkojo wenye sukari hukaribisha vijidudu, na paka anayechomwa na mkojo huukimbia mchanga na kwenda kukojoa kitandani, mara nyingi kitanda cha mgeni. Dume akichuchumaa mara kwa mara na hakitoki kitu, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo. Paka anayetapika, aliyelegea, ambaye hajala siku nzima na pumzi yake inanuka kikemikali, naye ni wa daktari leo. Mwili umeanza kuunguza mafuta kwa fujo na damu inachachuka.

Wale wanaosema paka kaona jini sitabishana nao sana. Ila paka anayekodolea ukuta macho baada ya kuchomwa insulini, mpime kwanza, mengine yatafuata. Kwa upande mwingine lipo jambo moja la kuogopa kweli, nalo ni kichaa cha mbwa, ambacho Tanzania bado kipo na paka nao hukipata. Paka asiyechanjwa, anayetoka nje, akabadilika ghafla na kumng'ata mtu, sukari iwe nzuri iwe mbaya: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeng'atwa aende hospitali siku hiyohiyo akaulizie chanjo. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Kabla hujapanda treni

Insulini ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu inayogandisha. Ikiganda hata mara moja, tupa. Umeme ukikatika muda mrefu, mtungi wa udongo uliolowekwa maji husaidia, na hewa kavu ya Dodoma huupoza vizuri kuliko ya Pwani. Chupa iwekwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Karatasi ya friji iwe na daftari pembeni: kila anayechoma aandike saa, yuniti na kiasi alichokula paka, na kanuni ya juu kabisa iseme chakula kwanza, sindano baadaye, asipokula hakuna kuchoma, piga simu. Vile vipande vya samaki vya jikoni uviandike pia, hata kama unaona aibu.

Na kama ni woga mtupu, dawa yake ni mazoea, si nguvu. Mwangalizi aje siku kadhaa kabla, amlishe bila kumgusa. Mwachie paka kanga uliyoivaa, isifuliwe. Mchomaji amchome akiwa anakula, kwenye ngozi iliyolegea ubavuni, kwa sindano ile fupi ambayo paka wengi hawaigeukii. Sindano ya kwanza ya mwangalizi aichome wewe ukiwa bado umesimama pembeni, na ya pili vilevile. Tiketi ya treni ikate baada ya hapo.